Mwaliko Usio na Karamu: Kiswahili na Mawasiliano ya Wanafunzi wa Ng'ambo kutoka Kericho na Bomet

Katika vijiji vya Kericho na Bomet, habari ya kijana kupata nafasi ya kusoma ng'ambo haimhusu kijana huyo peke yake. Kabla hajafunga mizigo, mchango huitishwa, mkopo huchukuliwa katika chama cha akiba na mikopo kwa kutegemea bonasi ya chai, na pengine ng'ombe au kipande cha shamba huuzwa. Watoao fedha hizo ni wazazi, wajomba, majirani na waumini wenzao. Hata hivyo, barua zinazoeleza fedha hizo zinalipia nini huandikwa kwa Kiingereza cha kisheria na kutumwa kwa mtu mmoja tu, naye ni mwanafunzi. Makala hii inaeleza kazi ya wale wanaopaswa kuliziba pengo hilo, yaani maafisa wa mawasiliano wanaowahudumia wanafunzi wa kigeni. Aidha, inajadili kwa nini kazi hiyo, ambayo aghalabu huachiwa watu wa uhusiano mwema na mafundi wa tarakilishi, inamhitaji mtaalamu wa lugha.

Suala lenyewe si geni. Mnamo Septemba 1959, wanafunzi 81 waliondoka Nairobi kwa ndege moja kuelekea Marekani katika mpango ulioasisiwa na Tom Mboya. Kufikia mwaka 1963, takribani wanafunzi 800 walikuwa wamesafiri chini ya mpango huo. Miaka michache kabla ya hapo, Taaitta Toweett, mzaliwa wa nchi ya Wakipsigis, alikuwa amesomea utawala katika chuo cha ufundi cha South Devon, mjini Torquay, Uingereza. Aliporejea alihariri Ngalek ap Kipsigis, jarida lililotoka kwa lugha ya nyumbani. Baadaye akawa Waziri wa Elimu, mwanaisimu mwenye shahada ya uzamifu ya Chuo Kikuu cha Nairobi (1977), na rais wa mkutano mkuu wa UNESCO uliofanyika Nairobi mwaka 1976. Inafaa kukumbukwa kwamba mtu huyu aliyefika mbali kiasi hicho aliona haja ya kuwaandikia waliobaki nyumbani kwa lugha waliyoielewa.

Vyuo vya nje navyo vilitambua mapema kwamba mgeni anahitaji mtu wa kumfafanulia mambo. Marekani ina chama cha washauri wa wanafunzi wa kigeni, NAFSA, kilichoundwa mwaka 1948, na Uingereza ilipata baraza lake mwaka 1968. Maafisa wa ofisi hizi huandika miongozo ya kabla ya safari, hujibu maswali na hutoa tahadhari. Mwanafunzi mwenye viza ya F-1 nchini Marekani, kwa mfano, hana budi kuarifu mabadiliko ya anwani yake katika muda wa siku 10, na wakati wa muhula haruhusiwi kufanya kazi chuoni kwa zaidi ya saa 20 kwa juma. Anayekiuka masharti hayo huweza kupoteza haki ya kukaa nchini humo. Tangazo lisiloeleweka, basi, huweza kumrudisha mtu nyumbani.

Ugumu wa kwanza umo katika neno ambalo wengi hulitumia bila kulitafakari. Nchini Kenya, barua inayompa mwanafunzi nafasi chuoni huitwa barua ya mwaliko. Katika utamaduni wa Mswahili, na wa Mkipsigis vilevile, aliyealikwa hajibebei chakula. Mwenyeji ndiye anayeandaa. Mzazi anaposikia kwamba mwanawe amealikwa na chuo cha Kanada, ana haki ya kudhani kwamba Kanada itamlisha. Kumbe barua ile inasema tu kwamba chuo kimeridhika na alama za mwombaji na kipo tayari kupokea karo yake. Ufadhili wa masomo ni jambo jingine kabisa, lenye barua yake na masharti yake. Ni afadhali afisa wa mawasiliano atumie "barua ya kukubaliwa chuoni", na mara moja aongeze sentensi ya kueleza ni nani atakayelipa. Neno mwaliko ni zuri, lakini hapa linapotosha.

Kuna pia barua ya kukubaliwa kwa masharti. Tafsiri hiyo ni sahihi kisarufi lakini haimfai mlengwa, kwa sababu haimwambii mzazi kwamba nafasi bado haijapatikana. Maelezo yanayofaa yangekuwa hivi: "Mzazi mpendwa, chuo kitampokea mwanao iwapo atafaulu mtihani wa Kiingereza na kuleta cheti chake halisi kabla ya tarehe iliyotajwa. Asipofanya hivyo, nafasi hii itakwisha. Tafadhali usilipe nauli ya ndege kwa sasa." Sentensi ya mwisho haimo katika barua ya chuo. Imeongezwa na mtu anayejua kwamba katika kijiji chetu nauli hulipwa mapema, maadamu mchango umekwisha kukusanywa na fedha zikikaa nyumbani hupata shughuli nyingine.

Suala la saa nalo huleta maafa. Mahojiano ya saa 9:00 asubuhi kwa hesabu ya Kiingereza ni ya saa tatu kwa Kiswahili. Mfasiri mzembe akiandika "saa tisa", msomaji atafika alasiri na kukuta mlango umefungwa. Makataa ya usiku wa manane ni mabaya zaidi. Dakika moja kabla ya saa sita usiku mjini Toronto, wakati wa kiangazi cha huko, ni karibu saa moja ya asubuhi inayofuata mjini Kericho. Tena kwa hesabu ya Waswahili wa pwani, usiku wa Jumanne ni ule unaotangulia mchana wa Jumanne. Njia ya salama ni kutaja siku, tarehe, sehemu ya siku na saa za Kenya, hata kama sentensi itarefuka.

Kalenda ya fedha nayo haipatani na kalenda ya vyuo. Mkulima mdogo anayepeleka majani katika kiwanda kama Litein, Kapkatet, Mogogosiek au Tirgaga hupata malipo ya kila mwezi, kisha bonasi mnamo Oktoba. Masomo ya vyuo vingi vya kaskazini mwa dunia huanza Agosti au Septemba, na malipo ya awali hudaiwa miezi kadhaa kabla. Fedha za chai hufika mwanafunzi amekwisha kuchelewa. Afisa anayeifahamu hali hii hueleza mapema kama chuo chake kinakubali karo ilipwe kwa awamu, badala ya kusubiri kutuma onyo. Masharti pia hubadilika ghafla: mnamo tarehe 1 Januari 2024, Kanada ilipandisha kiasi cha fedha za kujikimu ambacho mwombaji lazima athibitishe kuwa nacho, kutoka dola 10,000 za nchi hiyo hadi 20,635, mbali na karo na nauli.

Mahali ambapo habari haifiki moja kwa moja, hupita kwa mtu wa kati. Mwaka 2023, wazazi katika kaunti jirani ya Uasin Gishu waliandamana mjini Eldoret wakidai fedha walizolipia mpango wa masomo ya Finland na Kanada uliosimamiwa na kaunti hiyo, na suala likafika mahakamani. Wazazi walikuwa wamelipa, ilhali vyuo vilikuwa bado vinadai. Taarifa fupi ya Kiswahili kutoka chuoni, ikitaja akaunti halali na jinsi ya kuthibitisha malipo, isingezuia kila hasara, lakini ingewapa wazazi mahali pa kuuliza.

Huenda ikadaiwa kwamba lugha inayofaa Kericho na Bomet ni Kikipsigis. Dai hili lina uzito, hasa kwa wazee. Lakini mashamba makubwa ya chai, yaliyoanzishwa katika miaka ya 1920, yaliwakusanya Wakisii, Waluo, Waluhya na wengineo, na Kiswahili kikawa lugha ya kambini na sokoni. Mchango wa karo nao huitikiwa na hao wote.

Jambo linalowaumiza wazazi kuliko yote hujitokeza baada ya safari. Kwa sheria ya Marekani ya mwaka 1974 kuhusu siri za rekodi za elimu, haki juu ya matokeo huwa ni ya mwanafunzi pindi anapojiunga na chuo kikuu, na kwa kawaida chuo hakimwambii mzazi lolote bila idhini ya mwanawe. Mzazi aliyeuza ng'ombe watatu akiuliza mwanawe anaendeleaje, hujibiwa kwamba haiwezekani kumjibu. Huo si ufidhuli wa afisa, ingawa kwa lugha ya adabu zetu unasikika hivyo. Ipo fomu ya idhini ambayo mwanafunzi huweza kuitia sahihi, akataja anayeruhusiwa kupewa habari na ni habari zipi. Wakati mwafaka wa kuizungumzia ni kabla ya safari, sebuleni, mzazi na mwana wakiwa pamoja, na kila kipengele kikisomwa kwa Kiswahili, kikiwamo kile kinachompa mwanafunzi haki ya kukataa.