Kwa Nini Makuti ya Chini Hutangulia Kuwa Manjano



Katika mashamba ya pwani ya mashariki ya Unguja, Kiwengwa ikiwa mojawapo, huonekana minazi ambayo makuti yake ya chini yamegeuka manjano na ncha zake kukauka, hali makuti machanga ya juu yangali kijani. Wengi hudhani kuwa huo ni uzee tu. Pengine ni njaa ya potasiamu.

Potasiamu huingia mmeani ikiwa imeyeyuka katika maji ya ardhini. Ndani ya mzizi huwa nyingi kuliko nje; kwa hiyo mzizi hulazimika kuivuta, ukitumia nguvu zitokanazo na sukari iliyotengenezwa na majani. Kisha hupanda pamoja na maji katika mishipa ya shina hadi kwenye makuti. Huko husaidia kufungua na kufunga vitundu vidogo ambavyo jani hupumulia, na kusafirisha sukari kwenda kwenye matunda.

Potasiamu haigandi mahali pamoja kama chokaa. Hubaki imeyeyuka, nayo yaweza kuhamishwa. Inapopungua, mnazi huiondoa katika makuti makongwe na kuipeleka katika machanga na katika nazi. Ndiyo maana dalili huanzia chini.

Ardhi ya maweni ina chokaa nyingi ya matumbawe, ambayo hushindana na potasiamu mlangoni mwa mzizi. Ardhi ya kichanga nayo haiwezi kuishika. Mvua ya masika huichukua.

Vitabu vya chama huonyesha idadi ya nazi zilizouzwa, lakini havionyeshi potasiamu iliyotoka pamoja nazo. Sehemu yake kubwa imo katika makumbi. Basi tunashauri yafuatayo:

1. Nazi zifuliwe shambani, na makumbi yafukiwe au yatandazwe kuzunguka minazi, hatua mbili kutoka shinani.

2. Makumbi yaliyokwisha kuozeshwa pwani kwa ajili ya usumba yasitegemewe. Maji ya bahari yamekwisha kuondoa potasiamu yake.

3. Majivu ya makumbi yana potasiamu, lakini huongeza ukali wa chokaa. Katika maweni yatumiwe kidogo kidogo.

Mnazi hauponi kwa mwezi mmoja. Makuti yaliyokauka hayarudi. Tutazame yale yatakayofuata.