Kabla ya kununua samaki, anza na bakteria

Wengi walioanza kufuga samaki wa mapambo wanaijua hasara hii. Samaki wamenunuliwa wakiwa wachangamfu. Wiki ya pili wanahema juu ya maji, wiki ya tatu wanaelea. Hulaumiwa muuzaji, hulaumiwa chakula, na wapo wanaotaja hata kijicho cha jirani. Mara nyingi muuaji ni amonia. Amonia hiyohiyo, ikipata wa kuigeuza, ndiyo inayootesha mnanaa na saladi barazani bila udongo.

Mfumo unaounganisha tangi la samaki na kitanda cha mboga huitwa akwaponiki. Pampu ndogo hupandisha maji ya tangi hadi kwenye beseni la kokoto lililopandwa mboga. Maji huchujika humo, kisha hurudi kwa samaki. Kinachoongezwa kila siku ni chakula cha samaki tu, na maji kidogo ya kufidia yale yaliyonyonywa na mimea au kukaushwa na joto.

Mfugo usioonekana

Samaki hutoa amonia, sehemu kubwa yake kupitia matamvua. Ziwani huzimuliwa na wingi wa maji, lakini katika tangi la lita 100 haina pa kwenda. Hapo ndipo bakteria wanapohitajika. Kundi la kwanza, wakiwemo Nitrosomonas, hugeuza amonia kuwa nitriti. Nitriti nayo ni sumu: huingia katika damu ya samaki ikaizuia kubeba oksijeni, hata damu ikawa na rangi ya kahawia. Kundi la pili, kama Nitrospira, hugeuza nitriti kuwa nitrati. Hiyo samaki huivumilia, na mimea huila kama mbolea.

Bakteria hawa hunata kwenye kokoto, huhitaji oksijeni na huzaliana polepole. Kundi la pili haliwezi kushamiri kabla la kwanza halijalitengenezea chakula. Ndiyo sababu mfumo mpya huhitaji takriban wiki 4 hadi 6 kukomaa, na ndiyo sababu samaki walioingizwa siku ya kwanza hukutwa na sumu ambayo bado haina wa kuiondoa.

Kuanza bila kuua

Acha maji ya bomba yakae wazi siku moja au mbili ili klorini itoke, kisha jaza tangi na uwashe pampu. Kila siku tia chembe chache za chakula cha samaki zioze zenyewe. Hizo zitatoa amonia ya kuwalisha bakteria kabla samaki hawajafika. Pima maji kwa vipimo vya matone vinavyouzwa kwenye maduka ya samaki wa mapambo. Utaona amonia ikipanda na kushuka, kisha nitriti ikifuata njia hiyohiyo, mwishowe nitrati ikitokea. Amonia na nitriti zikikaribia sifuri huku nitrati ipo, tia samaki wachache. Anayetaka kufupisha safari aombe kokoto kidogo kutoka tangi la zamani lenye samaki wenye afya.

Kokoto zenyewe zichaguliwe kwa makini, hasa pwani, ambako nyingi hutokana na mawe ya matumbawe. Dondoshea siki au maji ya ndimu: zikitoa povu, zina chokaa, usizitumie. Chokaa hupandisha pH ya maji, na amonia huwa kali zaidi kadiri pH inavyopanda. Kati ya pH 7 na 8, sehemu yake yenye sumu huongezeka karibu mara 10. Maji yenye pH kubwa pia huinyima mimea madini ya chuma, majani machanga yakawa ya njano huku mishipa ikibaki kijani. Lenga pH kati ya 6 na 7.

Tarajia nini?

Mwongozo wa mwaka 2014 wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) unashauri gramu 40 hadi 50 za chakula cha samaki kwa siku kwa kila mita moja ya mraba ya mboga za majani. Chukua samaki wa dhahabu 10 wenye gramu 20 kila mmoja. Wakila asilimia 2 ya uzito wao, watamaliza gramu 4 kwa siku. Hizo zinatosha sehemu moja ya kumi ya mita ya mraba, yaani miche miwili ya saladi, au kichaka kimoja cha mnanaa au rehani. Kitoweo cha familia hakitoki hapo. Ukitamani zaidi, usiwamwagie samaki chakula: kinachobaki huoza, na amonia hupanda tena.

Afya ya samaki na ya mwenye nyumba

Umeme ukikatika, samaki na bakteria hukosa hewa pamoja. Weka pampu ya hewa ya betri, au chota maji kwa kopo na kuyamimina tena kutoka juu. Dawa ya mbu ya kupuliza huwa na kemikali zinazoua samaki kwa kiasi kidogo sana; kabla ya kupuliza, funika tangi na uzime pampu ya hewa kwa muda. Mbu anayeeneza homa ya dengi hutaga mayai kwenye vyombo vya maji, basi maji ya beseni yabaki sentimita chache chini ya uso wa kokoto. Viluwiluwi vya mbu vitakavyoingia kwenye tangi vitaliwa na samaki wadogo kama gapi.

Maji ya samaki yasiguse majani yanayoliwa mabichi, na mboga zioshwe kwa maji safi. Mwenye kidonda mkononi avae glavu, maana bakteria aitwaye Mycobacterium marinum huingia kwenye michubuko na kusababisha uvimbe unaochelewa kupona. Ukienda hospitali na uvimbe wa namna hiyo, mwambie daktari kwamba unafuga samaki. Samaki wa mapambo wenyewe wasiliwe, kwani huenda walitibiwa kwa dawa zisizokusudiwa wanyama wa chakula.

Kokoto zikijaa uchafu, zisuuze kwa maji ya tangi hilohilo. Sabuni na klorini zitaua bakteria, nawe utarudi mwanzo. Na anayetaka watoto wakute samaki nyumbani likizo ya Desemba, aiwashe pampu katikati ya Oktoba.