Kufundisha Jinsi Ndege Isiyo na Rubani Ijiongozavyo

Mwanafunzi aulizapo jinsi ndege isiyo na rubani iwezavyo kufuata njia yake, haitoshi kumjibu kwamba ndege hiyo "ina akili". Jibu la namna hiyo humfanya auone ufundi kuwa ni uchawi. Katika makala haya tunaeleza jinsi ya kuifundisha kanuni yake kwa kutumia fimbo tu.

Mwalimu amwite mwanafunzi mmoja asimamishe fimbo ndefu wima juu ya kiganja. Fimbo ikiinama mbele, mkono huifuata mbele. Kisha afumbe macho; fimbo itaanguka upesi. Darasa liulizwe: macho yalifanya kazi gani? Kwa maswali kama hayo wanafunzi watavumbua wenyewe kazi tatu: kupima, kulinganisha na kusahihisha.

Ndipo tuingie katika ndege yenyewe. Badala ya macho, ndege ina vipima vidogo. Kimoja huhisi inavyoinama, kingine hupima kanieneo ya hewa ili kujua kimo, na kipokezi cha setilaiti huonyesha mahali ilipo. Kompyuta hulinganisha vipimo hivyo na njia iliyoagizwa, kisha huamuru mota zibadili kasi au vipande vya mabawa viinuke au vishuke. Mzunguko huu hurudiwa mara nyingi katika kila sekunde.

Sasa mwanafunzi afumbue macho, lakini ausogeze mkono kwa nguvu mno. Fimbo itayumba huku na huku. Akichelewa, itaanguka. Ndivyo ilivyo kwa ndege. Kwa sababu hiyo wahandisi hukadiria sahihisho kwa kuangalia ukubwa wa kosa, kasi ya kuongezeka au kupungua kwake, na jinsi lilivyolimbikizana.

Manufaa yake yanaonekana karibu nasi. Mwaka 2016, ndege za aina hii zilianza kupeleka damu hospitalini kutoka Muhanga, nchini Rwanda. Hazitui huko ziendako, bali hudondosha sanduku lenye mwavuli. Hata hivyo, ni binadamu aliyeandika programu na kuchagua safari.

Mwishoni tusiridhike na majina ya sehemu yaliyokaririwa. Tuulize: kipima kimo kikikosea, ndege itafanya nini? Mwanafunzi awezaye kujibu na kutoa sababu ameielewa kanuni.