Taa ya injini ikiwaka: Jinsi ya kuchagua kifaa cha kusoma hitilafu za gari

TAA ya manjano yenye umbo la injini inapowaka kwenye dashibodi, mwenye gari huwa na njia mbili. Ama huipuuza hadi akaizoea, ama hulipeleka gari gereji ambako fundi huchomeka kifaa kidogo chini ya usukani, akakitazama kwa sekunde chache na kutangaza kwamba kihisi fulani kimekufa. Kipuri hununuliwa, ada hulipwa na taa huzimwa. Wiki mbili baadaye huwaka tena.

Hasara za namna hii ndizo zinazowafanya wamiliki wengi wa magari, hasa wale wanaopenda kujirekebishia wenyewe nyumbani, kutamani kuwa na kifaa chao cha kusoma hitilafu, yaani skana. Vifaa hivyo sasa vimejaa madukani na mitandaoni. Kuna vile vidogo vinavyotoshea kiganjani na kuwasiliana na simu ya mkononi, ambavyo bei yake haifiki ya seti ya plagi nne nzuri, na kuna mashine za kampuni kama Autel na Launch za China ambazo baadhi zinaweza kugharimu sawa na injini kuukuu. Hata hivyo, ughali wa kifaa si hakikisho kwamba kitakufaa. La kwanza ni kujua gari lako linazungumza lugha gani.

Ili kulielewa hilo, yafaa kukumbuka kwamba mfumo huu haukubuniwa kwa ajili ya kumsaidia mwenye gari. Ulizaliwa kutokana na vita dhidi ya moshi. Jimbo la California, Marekani, lililokuwa likisumbuliwa na hewa chafu, ndilo lililotangulia kuwataka watengenezaji waweke kompyuta zinazojichunguza ndani ya magari, kuanzia matoleo ya mwaka 1988. Kufikia matoleo ya 1996, magari yote mapya ya abiria nchini Marekani yalitakiwa kufuata utaratibu mmoja unaojulikana kama OBD-II: soketi ya umbo moja yenye pini 16, na orodha moja ya misimbo ya hitilafu. Bara Ulaya lilifuata mwaka 2001 kwa magari ya petroli, kisha 2004 kwa yale ya dizeli.

Kwa kuwa shabaha ilikuwa moshi, sheria iliwalazimu watengenezaji kufichua tu yale yanayohusu injini na utoaji wa moshi. Breki za ABS, mifuko ya hewa ya kuwakinga abiria, usukani wa umeme na vinginevyo viliachwa viwe siri ya kila kampuni. Ndiyo maana kifaa cha bei nafuu husoma injini vizuri lakini kikawa kipofu taa ya ABS inapowaka. Si kwamba kimeharibika. Hakikupewa ufunguo wa chumba hicho.

Jambo la pili linawahusu Wakenya moja kwa moja. Magari mengi yaliyo barabarani humu nchini yaliagizwa yakiwa yametumika Japani, na Japani haikuwa chini ya sheria ya Marekani wala ya Ulaya. Kwa miaka mingi magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la ndani la nchi hiyo yaliwekewa soketi ile ile ya pini 16, ilhali mazungumzo ndani yake yalikuwa ya lugha ya kampuni yenyewe. Baadhi ya Nissan za miaka ya 1990 zilikuwa hata na soketi yao ya kijivu yenye pini 14. Mwenye Toyota ya mwaka 2003 hununua kifaa kidogo cha Bluetooth, akakichomeka, taa yake ikawaka vizuri, kisha programu kwenye simu ikasema haiwezi kuunganishwa na gari. Hurudi dukani akiwa na hasira kwamba ameuziwa kitu kibovu, na muuzaji naye hukijaribu kwenye gari jingine kikafanya kazi. Wote wawili husema kweli.

Magari ya kuanzia mwishoni mwa mwongo huo wa 2000 hayana taabu nyingi hivyo. Na kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lenye umri wa zaidi ya miaka minane, yale yanayoteremshwa bandarini Mombasa siku hizi kwa kawaida husomeka kwa vifaa vya kawaida. Mwenye gari la zamani la Japani ndiye anayepaswa kuwa mwangalifu: atafute kifaa ambacho maelezo yake yanataja waziwazi magari ya soko la Japani, au amtegemee fundi mwenye mashine kubwa. Mafundi wa jua kali wana mbinu yao ya kale kwa Toyota za aina hiyo. Huunganisha kwa waya mfupi pini ya 4 na ya 13, kisha huhesabu taa ya injini inavyopepesa. Ikipepesa mara mbili, ikatulia, ikapepesa mara tano, huo ni msimbo 25. Mbinu hiyo haigharimu kitu, ila asiyeijua asithubutu kubahatisha, kwani pini ya 16 huwa na umeme wa betri wakati wote.

Baada ya lugha, swali linalofuata ni kifaa kinaonyesha nini. Vile vya chini kabisa husoma msimbo na kuufuta, basi. Hapo ndipo wengi wanapopotea, kwa sababu msimbo hautaji kipuri kilichokufa. Hutaja tu jambo ambalo kompyuta imeliona na halikuipendeza.

Chukua msimbo P0171, mmojawapo wa ile inayoonekana mara nyingi. Maana yake ni kwamba mchanganyiko unaochomwa una hewa nyingi kuliko petroli inavyostahili. Aliyeupata msimbo huo ni kihisi cha oksijeni, na kwa hiyo kihisi hicho ndicho hulaumiwa na kung'olewa, sawa na kumfukuza mlinzi kwa kuwa amepiga kamsa. Chanzo chaweza kuwa mpira wa hewa uliopasuka, kihisi cha kupimia hewa kilichojaa vumbi, pampu ya petroli iliyochoka au kichujio kilichoziba. Kifaa kinachoonyesha takwimu za gari likiwa linanguruma humwezesha mtu kutofautisha hayo. Kompyuta huongeza au kupunguza petroli kwa asilimia fulani ili kusawazisha mchanganyiko. Ikiwa nyongeza hiyo ni kubwa injini ikiwa imetulia, tuseme asilimia 20, kisha ikapungua mafuta yanapokanyagwa, kuna uwezekano mkubwa kwamba hewa inapenya mahali pasipostahili. Ikiwa inapanda kadiri injini inavyolemewa, afadhali kuchunguza njia ya petroli na kihisi cha hewa. Mpira wa hewa na kihisi kipya cha oksijeni ni vitu vyenye bei zilizo mbali mno.

Kwa sababu hiyo, anayenunua kwa matumizi ya nyumbani asikubali kifaa kisichoonyesha takwimu hizo papo hapo, pamoja na kumbukumbu ya hali ya gari wakati hitilafu ilipotokea: kasi, joto la injini na mizunguko yake. Uwezo huu hauongezi bei kwa kiasi kikubwa. Anayetaka pia kusoma ABS na mifuko ya hewa atalazimika kupanda ngazi moja, na ni busara kutafuta kifaa kilichokusudiwa aina ya gari lake badala ya kile kinachodai kusoma magari yote ulimwenguni. Wenye Volkswagen, kwa mfano, wana VCDS ya kampuni ya Ross-Tech, ambayo huingia ndani kabisa ya magari ya kundi hilo lakini haina msaada wa kutajika kwa Toyota.

Wenye magari ya haibridi wana lao. Kifaa cha kawaida kitasoma injini ya petroli na kuishia hapo, ilhali kitu ghali zaidi katika Prius au Aqua ni betri kubwa. Programu za simu zilizoundwa mahsusi kwa magari hayo huweza kuonyesha nguvu ya kila sehemu ya betri, na sehemu moja dhaifu huonekana wazi. Kusoma tu hakuna hatari. Kuifungua betri hiyo nyumbani ni jambo jingine: ile ya Aqua ina volti 144, na ya Prius nyingi hupita 200.

Kuhusu vile vifaa vidogo vya simu, vingi hubeba jina la ELM327, chipu iliyobuniwa na kampuni ya Elm Electronics ya Kanada, ambayo ilifunga biashara mwaka 2022. Vinavyouzwa kwa bei ya kutupa ni nakala, na nambari ya toleo iliyoandikwa kwenye kasha haithibitishi lolote. Baadhi ya nakala hufanya kazi vizuri. Nyingine hukatakata mawasiliano au kukosa nusu ya uwezo unaotajwa. Mwenye iPhone anunue cha Wi-Fi au cha Bluetooth ya kizazi kipya, kwani kile cha Bluetooth ya zamani hakitaelewana na simu yake. Tena kisiachwe kimechomekwa gari likiegeshwa kwa siku kadhaa, la sivyo betri itakutwa imekauka.

Kazi moja ambayo hata kifaa duni huimudu ni kumlinda mnunuzi wa gari kuukuu. Muuzaji mjanja hufuta misimbo asubuhi na taa ikawa kimya mchana kutwa. Lakini misimbo inapofutwa, au betri ikitolewa, kompyuta hupoteza pia matokeo ya uchunguzi wake wa ndani, na huhitaji safari kadhaa za mwendo tofauti ili iukamilishe upya. Kifaa huonyesha ni uchunguzi upi haujakamilika. Gari linalodaiwa kutumika kila siku, ilhali takribani chunguzi zake zote zinasubiri, limefutwa kumbukumbu karibuni, na muuzaji anapaswa kueleza ni kwa nini.

Kuna pia lile lisilosubiri kifaa chochote. Taa ya injini inapopepesa badala ya kuwaka tu, silinda inashindwa kuchoma petroli, na petroli hiyo mbichi huenda kuunguza chombo cha kusafishia moshi kwenye ekzosi. Dereva apunguze mwendo, aegeshe mahali salama, na msimbo usomwe baadaye.

Ama kuhusu ununuzi wenyewe, afadhali kwenda dukani na gari, si na picha yake. Kichomekwe, injini iwashwe, na mnunuzi aone mizunguko ya injini ikipanda na kushuka kwenye kioo anapokanyaga mafuta. Kisipoonyesha hilo, muuzaji akitoe kingine kabla ya pesa kutoka mfukoni.