Kabro ya Kubeba Lori: Lipa Tabaka kwa Tabaka

Siku kabro zinapomalizika kupangwa, kila njia ya kuingilia nyumbani hupendeza. Tofauti huonekana siku boza la maji linapoingia. Maji ya lita 10,000 pekee yana uzito wa tani 10, na hapo hatujahesabu lori lenyewe. Kama chini palitayarishwa kwa gari dogo, utaona mistari miwili ya magurudumu imedidimia, maji yametuama na kabro zinacheza. Kufikia hapo fundi ameshalipwa zote, na simu yake haishikiki.

Ndiyo maana leo tunaongea kuhusu kabro na malipo kwa pamoja. Kinachobeba lori ni kile kilicho chini, na kilicho chini hufunikwa. Ukilipa kabla hujakiona, umeuziwa mbuzi kwenye gunia. Ushauri wetu ni rahisi: gawanya malipo kufuata tabaka, na usifunikiwe tabaka ambalo hujalikagua.

Tabaka la kwanza: udongo

Udongo laini wa juu lazima uondolewe. Maeneo kama Kitengela na Athi River yana ule udongo mweusi unaofura wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Ukiachwa chini, utainua kabro msimu huu na kuzishusha msimu ujao. Nenda uone shimo kwa macho yako, kisha ulipe kazi ya kuchimba.

Tabaka la pili: mawe na maramu

Hapa ndipo nguvu ilipo, na hapa ndipo watu wengi hupunjwa. Mawe na maramu humwagwa kidogo kidogo, kama sentimita 15 kwa wakati, yanyunyiziwe maji na kushindiliwa kwa rola kabla ya kuongeza mengine. Kumwaga yote mara moja na kupitisha rola juu tu ni kazi ya macho. Chini hubaki huru.

Kipimo chake hakina gharama: lile lori linaloleta vumbi la mawe lipite juu ya tabaka hilo likiwa limejaa. Magurudumu yakiacha mitaro, bado. Yasipoacha, lipa.

Tabaka la tatu: ukingo na vumbi la mawe

Mawe ya ukingoni hukazwa kwa zege ili kabro zisisukumwe kando. Vumbi la mawe huwa sentimita 3 hadi 5 tu. Ukiona fundi anajaza mashimo kwa vumbi, msimamishe: palipojazwa hivyo patadidimia. Angalia pia mteremko. Sentimita 2 kwa kila mita zinatosha kuondoa maji.

Tabaka la nne: kabro zenyewe

Gari dogo hutosheka na kabro ya unene wa milimita 60. Kwa lori, agiza milimita 80. Ukiuliza bei peke yake, unaweza kupewa ile nyembamba, kwa hivyo nenda na rula. Hesabu pia: kabro za sentimita 10 kwa 20 ni 50 kwa kila mita mraba, pamoja na chache za kukatwa pembeni. Zipangwe kwa mshazari kama mifupa ya samaki, kwa sababu mpangilio huo hushikana vizuri gari zito linapofunga breki au kukata kona. Mwisho, mchanga mwembamba ujazwe kwenye nafasi zote na kushindiliwa kwa mashine.

Sasa, pesa zenyewe

- Vifaa vilipe moja kwa moja kwa namba ya biashara ya muuzaji, na usome jina linalotokea kabla ya kukamilisha. Jina likiwa geni, simama kwanza uulize.
- Kazi ya fundi ilipe tabaka likishapita ukaguzi. Lipa siku hiyo hiyo. Naye ana vijana wanaomngoja jioni.
- Andikianeni mapema kiasi cha kila hatua, na mkubaliane kubakisha sehemu ndogo, tuseme asilimia 10, hadi mvua inyeshe na gari zito lipite.
- Usifute jumbe za malipo. Pakitokea mzozo, ndizo zitakuonyesha ulilipa nani, lini na kiasi gani.
- Kumbuka, huduma ya kurudisha pesa ni ya aliyekosea namba. Haiwezi kukurudishia pesa ulizomlipa kwa hiari fundi aliyefanya kazi mbovu.

Kinga yako ni kuzishika pesa hadi uone kazi. Kabro zikishapangwa juu ya msingi mbovu, kuurekebisha ni kung'oa zote na kulipa mara ya pili.