Arosto na Kazi ya Kalsiamu katika Seli za Neva

Miongoni mwa maneno yatumikayo katika vijiwe vya Dar es Salaam, Kinondoni hadi Temeke, limo neno arosto. Maana yake ni mateso yampatayo mtumiaji wa heroini, au unga kama uitwavyo huko, anapoikosa kwa saa kadhaa: miayo isiyokoma, makamasi, jasho, vinyweleo kusimama, viungo kuuma na tumbo kuendesha. Mwenyewe huitwa teja, nalo kwa umbo ni ukubwa wa mteja. Na ukubwa katika Kiswahili mara nyingi huchukua dharau. Wengi hudhani kuwa arosto ni udhaifu wa nia tu. Elimu ya viumbe husema vingine.

Nje ya seli ya neva kalsiamu ni nyingi mara 10,000 hivi kuliko ndani yake. Seli ni mfano wa jahazi lililotiwa kalafati barabara: nje bahari, ndani pakavu, na tone liingialo hujulikana mara moja. Seli inaposhtushwa, vilango vya utando wake hufunguka na ioni za kalsiamu huingia. Ndani hupokewa na protini iitwayo kalmodulini, nayo huamsha vimeng'enya vinavyoitia fosfeti protini nyingine, CREB, ikaayo juu ya DNA katika kiini cha seli. Mwaka 1991 Sheng, Thompson na Greenberg walionyesha huko Marekani kwamba CREB hupokea habari ya kalsiamu kwa njia hiyo. Hapo jeni zilizokuwa kimya huanza kusomwa. Mojawapo, c-fos, huitika kwa dakika chache tu. Kusomwa ni neno la mkato. Lililo sahihi zaidi ni kunukuliwa, kwa kuwa jeni yenyewe haitoki mahali pake, bali nakala yake, RNA, ndiyo itokayo kwenda kufuatwa katika kutengeneza protini. Ndivyo jambo la nukta moja liwezavyo kuibadili seli kwa siku nyingi.

Sasa heroini. Ikiisha kuingia mwilini hugeuka mofini, nayo hushika vipokezi vya afyuni vilivyo juu ya seli. Vilango vya kalsiamu hufungwa, mjumbe mwingine wa ndani, cAMP, hupungua, na seli hutulia. Lakini seli haikubali kunyamazishwa daima. Katika panya waliopewa mofini siku nyingi imeonekana kwamba seli za locus coeruleus, yaani mahali pa samawati, fundo dogo lililo katika shina la ubongo, huongeza vimeng'enya vya kutengeneza cAMP, na CREB ina sehemu yake katika ongezeko hilo. Maadamu dawa ipo, mizani husimama sawa. Ikiondolewa ghafla, upande mmoja hubaki mzito: seli hufyatuka kwa kasi, kalsiamu huingia, c-fos hupanda, na noradrenalini humwagika kupita kiasi. Sehemu kubwa ya arosto hutokana na mmwagiko huo. Nia ya mtu haifiki huko.

Kliniki ya kwanza ya methadoni Tanzania Bara ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2011, ikafuatwa na ya Mwananyamala, wilayani Kinondoni, mwaka 2012, na ya Temeke mwaka 2014. Methadoni hushika vipokezi vilevile, ila hudumu mwilini siku nzima au zaidi, hali heroini humalizika kwa saa chache. Hunywewa mara moja kwa siku mbele ya mtumishi wa afya, ambaye humwita anywaye mteja, kwa m- yake. Seli hupata utulivu wa namna moja badala ya kupanda na kushuka mara kadhaa mchana na usiku. Kile kilichoandikwa kwa njia ya jeni hakifutiki kwa juma moja, na kwa hiyo matibabu huhesabiwa kwa miezi na miaka. Arosto ya methadoni yenyewe huchelewa kuja, lakini ikija hukaa kuliko ya heroini. Ndiyo sababu kipimo hupunguzwa kidogo kidogo.