Njaa Iliyodhaniwa Ulafi

Labrador amekula chakula chake cha asubuhi, na saa tatu zimepita. Mbele yake linawekwa kasha la plastiki linaloonyesha ndani, kifuniko chake kina matundu. Ndani mna soseji. Anaiona, harufu anaipata, kuifikia hawezi. Watafiti wanamtazama: atahangaika nalo kiasi gani kabla ya kukata tamaa? Kuna mbwa anayenusa akaenda zake. Kuna mwingine anayelikwaruza, akalisukuma kwa pua, akalirudia tena.

Jaribio hilo lilifanywa na Dkt. Eleanor Raffan na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2024. Raffan ni daktari wa wanyama aliyeingia kwenye utafiti wa jeni. Labrador ni mbwa mpole na msikivu, lakini hunenepa upesi, na akinenepa lawama humwangukia mwenye mbwa: humpi mazoezi, unamdekeza kwa makombo ya mezani. Raffan alitaka kujua kama lawama hiyo ni ya haki.

Jibu la kwanza lilipatikana mwaka 2016, kwenye jeni iitwayo POMC. Ndani kabisa ya ubongo, sehemu ya haipothalamasi, zipo seli zinazopokea habari kuhusu akiba ya mafuta mwilini. Mafuta yenyewe ndiyo yanayotuma habari hizo, kwa homoni ya leptini. Seli zikipata ujumbe kwamba akiba ipo, hutengeneza protini ndefu ya POMC, ambayo hukatwakatwa vipande. Baadhi ya vipande hivyo ndivyo vinavyouambia ubongo upunguze njaa na uuache mwili utumie nguvu. Raffan na wenzake waligundua kwamba takriban Labrador mmoja kati ya wanne amepungukiwa herufi 14 za DNA katika jeni hiyo. Upungufu huo humkosesha vipande viwili, kikiwemo kiitwacho beta-MSH. Kwa wastani, kila nakala ya jeni yenye kasoro iliambatana na ongezeko la uzito la kilo 2 hivi.

Kwa nini haya hayakujulikana mapema, ilhali panya wa maabara wamechunguzwa miaka na miaka? Sababu ni kwamba panya hatengenezi beta-MSH. Binadamu anaitengeneza, na mbwa pia. Swali la kazi ya beta-MSH, basi, panya asingeweza kulijibu hata angechunguzwa karne nzima. Hapa ndipo ninapoona thamani ya mtafiti aliyeanzia kwenye kutibu wanyama: alimwendea mnyama mwenye tatizo lenyewe, anayeishi nyumbani na watu na kulishwa na watu.

Kulikuwa na jambo jingine la kushangaza. Miongoni mwa Labrador 81 waliofunzwa kuwasaidia watu wenye ulemavu, asilimia 76 walikuwa na kasoro hiyo. Mbwa hao hufunzwa kwa kutuzwa vipande vya chakula. Huenda wafugaji, walipochagua watoto wa mbwa wepesi wa kufunzika, walikuwa wakichagua wenye njaa bila kujua.

Turudi kwenye soseji. Mbwa wenye kasoro ya POMC walihangaika na kasha zaidi ya wenzao. Lakini katika jaribio jingine walipewa kopo la chakula kila baada ya dakika 20 hadi wakatae wenyewe. Makundi yote mawili yalikula sana, na wenye kasoro hawakuwazidi wenzao. Maana yake, kushiba wanashiba. Tatizo ni kwamba njaa hurudi mapema, kati ya mlo na mlo. Tena walipopimwa wakiwa wamelala, katika chumba kinachopima hewa wanayoitoa, walionekana kutumia nguvu pungufu kwa asilimia 25 hivi. Mbwa wa namna hiyo ana njaa zaidi, ilhali anahitaji chakula kidogo zaidi. Kumwita mnyama huyo mlafi ni kumwonea.

Mwaka 2025 kundi hilohilo lilitaja jeni nyingine, DENND1B, inayohusishwa na unene kwa Labrador na pia kwa binadamu. Jeni hiyo hugusa njia ileile ya ubongo ambayo POMC huitumia. Na kwa binadamu, wapo watu wachache wanaozaliwa na POMC isiyofanya kazi. Njaa huwaandama tangu utotoni, na jamii huwacheka wao na kuwasuta wazazi wao. Dawa ya setmelanotidi, inayoamsha njia hiyo, iliidhinishwa Marekani mwaka 2020 kwa ajili yao.

Kwa mbwa, utafiti wa 2025 ulionyesha kwamba hata mwenye jeni mbaya anaweza kubaki na uzito mzuri, ila mwenye mbwa atatoka jasho kuliko jirani yake. Raffan hushauri chakula cha siku kigawanywe mara nyingi, kiwekwe kwenye vyombo vya fumbo vinavyomlazimu mbwa kukitafuta, au kitawanywe bustanini, ili kiasi kilekile kimchukue muda mrefu kukimaliza.